Sekstanti ya plastiki au ya alumini, darubini ya 4x au 7x: anza na jicho lako ndo uangalie namba za kwenye dramu

Wakuu, kila kadeti wapya wakianza navigesheni ya nyota swali linakuwa lile lile, ninunue sekstanti ipi (kile kifaa cha vioo kinachoshusha jua au nyota mpaka kwenye upeo, yaani mstari ambapo bahari na anga vinakutana, ili upime pembe na ujue ulipo), na majibu wanayopewa karibu yote ni ya namba: hii inasoma sekunde 10, hii inasoma sehemu ya kumi ya dakika, basi beba hii. Mi naona tunaanzia pabaya. Kama jicho lako pamoja na upeo wa bahari ulioko mbele yako vinakupa dakika nzima, sekunde 10 za kwenye kifaa umezilipia hela nyingi na hutakaa uzione. Kwa hiyo hapa nalinganisha vitu vinne ambavyo mnunuzi anaombwa kuchagua, yaani fremu, darubini, kioo cha upeo na namna ya kusoma kipimo, ila naanza na jicho maana ndo linaamua vyote hivyo.

Tuelewane lugha kwanza. Nyuzi 1 ina dakika 60, dakika 1 ina sekunde 60. Nikisema dakika au sekunde naongelea za pembe, za saa nitasema ni za saa. Na kwa baharia dakika 1 ya mwinuko (pembe ya jua au nyota juu ya upeo) ni maili 1 ya baharini, mita 1,852, kwa hiyo sehemu ya kumi ya dakika ni kama mita 185 na sekunde 1 ni kama mita 31. Hizi namba zikae kichwani, kila ukiona tangazo la sekstanti uzigeuze kuwa mita.

Haya, jicho. Mtu mwenye macho mazuri, yule ambaye daktari anamwandikia 6/6, anaweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa dakika 1. Ukitaka kuiona, chora mistari miwili myembamba myeusi kwenye karatasi nyeupe, iachane milimita 3, ibandike ukutani halafu rudi nyuma mita 10. Hapo ndo mpakani, hatua chache zaidi mistari inaungana inakuwa mmoja. Sababu iko ndani ya jicho lenyewe, chembe za kupokea mwanga pale katikati ya retina zimepangana kwa nafasi ya kama nusu dakika, na mboni nayo ikiwa ndogo sana mwanga unatawanyika, ikiwa kubwa sana kasoro za lenzi zinajitokeza, kwa hiyo hata ujitahidi vipi hapo hupiti kwa macho makavu. Ila jicho lina kipaji kingine ambacho watu wengi hawakijui: kuona kama mistari miwili imeungana sawasawa au mmoja umesogea pembeni. Kwa hilo jicho linafika sekunde 5 mpaka 10, bora mara kadhaa kuliko ile dakika moja. Ndo maana kipimo cha venia (mistari midogo unayoilinganisha na mistari ya kipimo kikuu) kinafanya kazi, na ndo maana pia mtu aliyezoea anaona lile jua limegusa mstari wa bahari kwa usahihi ambao kwa hesabu ya 6/6 usingeutegemea.

Ukiongeza darubini unagawanya. Dakika 1 kwa darubini ya 4x inakuwa sekunde 15, kwa 7x inakuwa kama sekunde 9. Kwa hiyo jicho na darubini ya kawaida tayari wanashinda mahitaji ya baharia. Tatizo linatoka nje, kwenye ule mstari wenyewe.

Upeo wa bahari ni maji yanayopanda na kushuka. Kuna kitu kinaitwa dipu, yaani jinsi upeo unavyoonekana chini zaidi kadiri wewe unavyokuwa juu, na kanuni yake ni 1.76 mara kipeuo cha pili cha kimo cha jicho kwa mita. Ukiwa kwenye boti na jicho lako liko mita 2 juu ya maji, dipu ni dakika 2.5. Wimbi likikunyanyua mita moja, jicho liko mita 3, dipu ni 3.0. Yaani umeshakosea nusu maili kabla hujagusa kifaa, na upeo wenyewe uko kama maili 3 tu kwa hiyo wimbi la jirani nalo linajifanya upeo. Sasa nenda kwenye daraja la meli kubwa, jicho mita 20: dipu ni 7.9, na ukikosea mita moja nzima kosa ni sehemu mbili za kumi ya dakika tu. Na hapo sijagusa hewa. Hewa ya moto juu ya maji baridi, au kinyume chake, inapinda mwanga tofauti na jedwali linavyodhani, na ndugu zetu walioko Omani, Ghuba na Bahari ya Shamu wanalijua hili vizuri, kule upeo unaweza kuruka kwa dakika kadhaa siku ambayo kwa macho inaonekana ni siku safi kabisa. Sekstanti ya bei yoyote haiwezi kukurekebishia hiyo.

Basi tuje kwenye vyombo.

Fremu: plastiki na alumini (na shaba kwa wenye uwezo)

Upande wa plastiki wanaotawala ni Davis wa Marekani, wana Mark 3 ambayo ni ya msingi kabisa na inasoma kwa venia mpaka dakika 2, halafu Mark 15 na Mark 25 zenye dramu ya maikromita (kigurudumu chenye namba unachokizungusha) inayosoma sehemu mbili za kumi ya dakika. Upande wa chuma ile inayopendekezwa sana kwa bei ya kati ni Astra IIIB ya China, fremu ya alumini. Juu yake kuna Tamaya wa Japani, Freiberger na Cassens & Plath wa Ujerumani, na za mitumba za Kisovieti SNO-T ambazo ni imara mno. Bei zinabadilika ila mpangilio ni huu: plastiki yenye dramu ni dola mia mbili na kitu kwenda juu kidogo, Astra ni mara mbili au tatu ya hapo, na ya Kijerumani mpya unaongelea maelfu ya dola.

Sasa plastiki ina shida moja kubwa na ni ya kweli, hasa kwa hali ya hewa yetu: joto. Ukiitoa kwenye boksi kivulini ukaipeleka kwenye jua la Dar saa saba mchana, fremu inatanuka, vioo vinahama kidogo, na hitilafu ya indeksi (kiasi ambacho kifaa kinasoma pembeni ya sifuri pale kinapotakiwa kusoma sifuri) uliyoipima dakika kumi za saa zilizopita sio tena ile. Dawa yake ipo na haina gharama, unapima hitilafu kabla ya vipimo vyako na unapima tena mara baada ya kumaliza, na kifaa unakiacha nje kivulini kama robo saa kizoee hewa. Shida ya pili ni dramu yake ina mchezo, ukizungusha kulia ukaishia pale pale ulipoishia ukizungusha kushoto unapata namba tofauti. Hapo sheria ni moja, siku zote malizia kwa kuzungusha upande ule ule, na hitilafu ya indeksi nayo uipime kwa upande huo huo.

Kwa kawaida mtu makini na plastiki ya dramu anapata kosa la kama dakika 1 la kifaa. Alumini nzuri, tuseme sehemu tatu za kumi. Tofauti inaonekana kubwa, mara tatu na zaidi! Ila makosa hayajumlishwi hivyo, yanajumlishwa kwa miraba. Tuchukue mfano wa boti dogo ambapo upeo na mawimbi vinakupa kosa la dakika 1.5. Ukiwa na plastiki, 1 mraba na 1.5 mraba, jumla 3.25, kipeuo chake ni 1.8. Ukiwa na alumini unapata 1.5 na kidogo. Umelipa mara tatu kupunguza kosa kutoka maili 1.8 kwenda 1.5, mita mia tano hivi. Sasa chukua daraja la meli kubwa, bahari shwari, upeo unakupa kosa la 0.4 tu. Plastiki inakupa 1.1, alumini inakupa 0.5. Hapo alumini imepunguza kosa zaidi ya nusu.

Na hili ndo jambo ninalotaka mtu alielewe vizuri maana linaenda kinyume na wengi wanavyoshauri. Watu husema boti dogo ni hatari kwa hiyo nunua sekstanti nzuri zaidi. Kwa usahihi ni kinyume kabisa, anayefaidi sekstanti nzuri ni yule mwenye upeo mzuri. Boti dogo lina sababu nyingine ya kutaka chuma, kinadumu, vioo havihami ukikigonga kidogo, hakiyumbi kwenye upepo kwa sababu kina uzito, lakini usidanganyike kwamba kitakusomea karibu zaidi.

Uzito nao ni suala la mwili. Plastiki ni nyepesi, chini ya nusu kilo, alumini ni kilo moja na ushee na za shaba zinapita hapo. Upepo ukiwa mkali nyepesi inatetemeka mkononi, na ukishika nzito kwa vipimo sita saba mfululizo mkono nao unaanza kutetemeka. Kama una mkono mwembamba usidharau hili, ishike kwanza.

Darubini: 4x40 au 7x35

Hapa ndo watu wanakosea sana, na hapa ndo ningependa kukaa kidogo.

Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa mwale unaotoka kuingia kwenye jicho: 4x40 inakupa milimita 10, 7x35 inakupa milimita 5, 3.5x40 inakupa milimita 11 na kidogo. Mboni ya jicho mchana wa jua kali ni milimita 2 au 3, kwa hiyo mchana zote zinatosha na 7x inakuonyesha jua kubwa, ukingo safi, unaona kabisa pale linapobusu maji. Jioni giza likianza mboni ya kijana inafunguka mpaka milimita 7 hivi, ya mtu mzima wa miaka sitini labda 5. Hapo kijana akitumia 7x35 anapata mwale wa 5 kwenye mboni ya 7, mwanga ambao jicho lake lingeweza kuupokea haumfikii. Akitumia 4x40 mwale unafunika mboni yote na unabaki, na huo unaobaki ndo unamsaidia meli ikiyumba, jicho linaweza kusogea kidogo pembeni na nyota isipotee.

Na kwetu jioni ni fupi. Nyota zinapimwa pale ambapo nyota imeshaonekana na upeo bado unaonekana, ni kama wakati jua liko kati ya nyuzi 6 na nyuzi 12 chini ya upeo. Huku karibu na Ikweta jua linazama moja kwa moja kwenda chini, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo nyuzi hizo 6 zinaisha kwa dakika 24 za saa hivi. Uingereza au Norwei jua linazama kwa mshazari, kiangazi wana muda mrefu wa kuchezea. Sisi ndani ya dakika 24 za saa unatakiwa utafute nyota tano au sita, uzishushe, usome, uandike saa. Kwa hiyo kwa baharia wa Mombasa, Tanga, Dar au Mtwara darubini yenye mwanga mwingi na uwanja mpana ni muhimu kuliko ukuzaji, na nikiambiwa nichague moja tu nachagua 4x40 bila kufikiri mara mbili. 7x35 iwe ya pili kwa ajili ya jua na mwezi, kama hela ipo.

Jambo jingine la jicho: jioni macho ya watu wengi yanakuwa na ufupi kidogo wa kuona mbali, hata wale wasiovaa miwani mchana. Ukiwa umerekebisha fokasi ya darubini mchana kwa jua, jioni nyota inaonekana kama imevimba, na mtu anadhani darubini ni mbovu. Rekebisha fokasi upya kwenye nyota ya kwanza kuonekana, kama Sirius au Canopus msimu wake, au Zuhura ikiwepo. Na kwa wavaa miwani, kama tatizo lako ni kuona mbali tu au karibu tu, vua miwani, fokasi ya darubini inalimaliza. Kama una astigmatizimu fokasi haitakusaidia, baki na miwani na utafute darubini ambayo unaweza kukaa mbali nayo kidogo bado ukaona uwanja wote. Hili uulize kabla ya kulipa, maana darubini nyingine zinataka jicho libandikwe kabisa.

Na usomaji wa dramu ni wa karibu, sentimita 25 au 30 kutoka usoni, gizani. Mtu aliyepita arobaini na tano anajua ninachosema. Sekstanti yenye taa ndogo ya kuangazia dramu, hata Mark 25 inayo, kwa mtu huyu ina thamani kuliko fremu ya shaba. Taa iwe hafifu na ikiwezekana nyekundu, jicho likishazoea giza mwanga mkali unakurudisha mwanzo na kuzoea upya kikamilifu ni nusu saa, ambayo kama nilivyosema huna.

Kioo cha upeo: nusu-nusu au kioo kizima

Kioo cha zamani kimegawanywa, nusu ni kioo cha kuakisi nusu ni wazi. Kioo kizima kimepakwa dawa inayoakisi rangi fulani na kupitisha nyingine, kwa hiyo unaona upeo na jua vyote kwenye uwanja mzima. Kwa mwanafunzi kizima ni raha, jua halikukimbii ukiyumba, na mchana kosa lake ni sawa na lile la kingine. Ila kila mwanga unaopita pale unapunguzwa, nyota hafifu inazidi kufifia na upeo wa jioni, ambao kwa macho ya binadamu tayari ni kijivu juu ya kijivu, unapoteza ile tofauti ndogo iliyobaki. Tena wakati mwingine rangi ya bahari na rangi ya anga zinachanganyikana humo. Kama utapima jua tu chukua kizima. Kama unakwenda kupima nyota, nusu-nusu. Astra wanakupa kuchagua wakati wa kuagiza, Mark 25 inakuja na kizima na Mark 15 na nusu-nusu, na kwa sababu hiyo kwa kadeti mi napenda Mark 15 ingawa ni ya bei ya chini.

Venia au dramu

Hapa sina mengi. Dramu. Venia inahitaji jicho la karibu zuri, mwanga mzuri na utulivu, na za kale zenye mistari ya sekunde 10 au 20 ni kazi nzuri sana ya mikono, zilitokana na ile mashine ya kugawa nyuzi ya Jesse Ramsden wa London miaka ya 1770 ambayo ndo ilifanya sekstanti iwe ndogo na bado sahihi, kabla yake watu walikuwa na oktanti ya John Hadley ya 1731 na mafundi waligawa kwa mkono. Ukikuta ya kale nzima na unaipenda nunua, ila zile za shaba zinazong'aa madukani kwenye boksi la mbao na maandishi ya kizamani ni mapambo, vioo vyake havina usambamba na huwezi kuzisahihisha.

Pa kufanyia mazoezi nako kunabadilisha chaguo

Kwenye pwani ya Tanganyika na Kenya bahari iko mashariki. Jioni jua linazamia nchi kavu, na upande wa mashariki ambao ndo wenye bahari unakuwa wa kwanza kupotea gizani. Kwa hiyo anayefanya mazoezi Coco Beach au Nyali jioni anajitesa, alfajiri upeo wa mashariki unaangazwa kutoka nyuma na unakuwa kama umechorwa, hapo jicho linafanya kazi yake vizuri. Walioko Unguja wana bahati, Mji Mkongwe unatazama magharibi, na pwani ya pili ya kisiwa inatazama mashariki, unachagua.

Asubuhi hiyo pia ujue jua letu linapanda kwa kasi, mpaka dakika 15 kwa kila dakika moja ya saa. Yaani sekunde 1 ya saa ni robo ya dakika ya mwinuko, ni mita 460. Mwenzako akiandika saa akachelewa sekunde mbili, faida yote ya alumini imeondoka. Kwa hiyo kabla hujaongeza dola mia nne kwenye fremu, hakikisha una saa inayosoma sekunde vizuri na mtu anayejua kuitikia ukisema "sasa!".

Na kama uko bara, au bahari imezibwa, tumia upeo wa bandia: sinia lenye oili chafu ya gari, nyeusi, lifunikwe lisipigwe na upepo. Unalishusha jua la kwenye sekstanti mpaka likutane na jua lililomo kwenye oili, unasoma, unagawa kwa mbili baada ya kutoa hitilafu ya indeksi. Hakuna dipu, hakuna wimbi, na kosa la jicho na la kifaa vyote vinagawanywa kwa mbili. Plastiki kwenye sinia la oili inaweza kukupa matokeo bora kuliko sekstanti ya Kijerumani kwenye boti. Mipaka yake ni kwamba pembe inakuwa mara mbili na sekstanti zinaishia karibu nyuzi 120, kwa hiyo Dar mchana wa saa sita haiwezekani karibu mwaka mzima, jua linakuwa juu mno, Juni peke yake ndo linashuka karibu na nyuzi 60. Tumia la saa mbili tatu asubuhi au la saa tisa kumi alasiri.

Wazee wetu wa majahazi walipima nyota kwa kamali, kibao na uzi wenye mafundo unaoshikwa kwa meno, na kipimo chao cha isba kilikuwa kama nyuzi 1 na dakika 36, karibu maili 96 za baharini. Walivuka Bahari ya Hindi na kurudi kwa kipimo hicho, kwa kujua upepo, rangi ya maji na nyota za kila bandari. Nawataja kwa heshima na pia kwa sababu inasaidia kupima hofu: tofauti ya maili 1.5 na 1.8 sio ya kukunyima usingizi.

Nani achukue nini

Kadeti wa DMI (chuo cha ubaharia cha Dar es Salaam) au wa Bandari Maritime Academy ya Mombasa ambaye chuo kina sekstanti za chuma za kufanyia mtihani ila anataka ya kwake ya mazoezi: plastiki ya dramu, kioo nusu-nusu. Mark 3 mi siipendekezi kwa kadeti, kusoma kwa dakika 2 kunakufundisha utaratibu lakini hutaona maendeleo ya jicho lako, na maendeleo ndo yanakupa moyo.

Ofisa kwenye meli kubwa anayetaka kuwa nayo kwa kazi yote: alumini, 4x40, nusu-nusu. Wewe ndo una upeo wa kuifaidi. Tena usione aibu kwamba GPS ipo, mwaka 2015 hata chuo cha jeshi la majini la Marekani pale Annapolis kilirudisha somo hili baada ya kuliacha, kwa sababu ishara za setilaiti zinaweza kuzibwa au kughushiwa.

Mwenye boti dogo au jahazi la safari: plastiki ya dramu inatosha kabisa kwa usahihi, na hela iliyobaki nunua saa nzuri na almanaki (kitabu cha majedwali ya jua, mwezi na nyota kwa kila siku). Ukitaka kitu cha kudumu miaka thelathini chukua alumini, ukijua umelipia kudumu. Na popote ulipo piga vipimo vitano badala ya kimoja, uchukue wastani, kosa la bahati nasibu linapungua zaidi ya nusu, na hakuna duka linalouza punguzo la namna hiyo.

Anayetaka kupima umbali wa mwezi na nyota kutafuta saa bila kronomita (saa sahihi ya melini), kama walivyofanya baada ya almanaki ya Uingereza ya 1767: huyu peke yake ndo namwambia nunua bora unayoweza, chuma chenye cheti cha hitilafu za tao (ule upinde wenye alama za nyuzi), na darubini ya 7x. Mwezi unasogea kati ya nyota kama nusu dakika kwa kila dakika ya saa, kwa hiyo ukikosea sehemu ya kumi ya dakika saa yako inakosea sekunde 12 na longitudo inakosea dakika 3. Hapa hakuna upeo wa bahari kabisa, ni ukingo mkali wa mwezi na nukta ya nyota, yaani jicho na kifaa vinabaki peke yao na kila sekunde ina maana.

Na kabla hujalipa, hasa ya mitumba, kuna jaribio moja linalopima kifaa na jicho lako kwa pamoja bila kuhitaji bahari. Weka sekstanti karibu na sifuri, shusha vioo vyote vya giza (hili usilikosee, jua kwenye darubini bila kioo cha giza linaunguza jicho moja kwa moja), elekeza kwenye jua. Utaona majua mawili. Gusisha ukingo wa juu wa moja na ukingo wa chini wa lingine, soma. Zungusha mpaka yabadilishane nafasi, gusisha tena, soma upande wa pili wa sifuri. Tuseme umepata dakika 33.4 ndani (upande wa kawaida wa sifuri) na 30.6 nje (upande wa pili). Nusu ya tofauti ni 1.4, hiyo ndo hitilafu ya indeksi, unaitoa kwenye kila kipimo. Sasa jumlisha, 64.0, gawa kwa nne, 16.0, halafu fungua almanaki uone nusu-kipenyo cha jua cha siku hiyo, ambacho mwanzoni mwa Januari ni 16.3 na mwanzoni mwa Julai ni kama 15.7 au 15.8. Ukirudia mara kadhaa na kila mara unakaa ndani ya 0.1 au 0.2 ya namba ya almanaki, wewe na kifaa hicho mnaendana, kinunue. Ukipata tofauti ya nusu dakika na inarukaruka, mpe mwenzako mwenye macho mengine ajaribu kifaa kile kile. Akipata vizuri yeye, rekebisha fokasi au nenda kapime macho kwanza. Akirukaruka naye, mrudishie muuzaji.